Ufunguo wa ghala alikuwa nao nani?

Mmeuliza wiki hii: ni msomi gani aliyekufanya uitazame upya imani yako? Kwangu ni Caroline Walker Bynum, mwanahistoria wa Marekani aliyezaliwa Atlanta mwaka 1941, akafundisha katika vyuo vikuu vya Harvard, Washington na Columbia, kisha akawa profesa katika Taasisi ya Masomo ya Juu iliyoko Princeton.

Bibi yangu, Kwaresima nzima, alipakulia watu wote wali na maharage, halafu yeye akabaki jikoni na kikombe cha uji usio na sukari. Sahani yake alikwisha kuifunika mapema, ya mjane wa jirani. Nilikuja kusoma habari za Katerina wa Siena, mtakatifu wa Italia aliyefariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33: alitafuna majani machungu akayatema, akashikilia Ekaristi tu, yaani mkate mtakatifu wa Misa. Nikasema huyu alikuwa mgonjwa. Na wengi walishasema hivyo.

Bynum, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu mlo na mfungo, hakukimbilia ugonjwa. Aliuliza kwanza: mwanamke wa zama zile alikuwa na nini cha kutoa? Mwanamume kama mtakatifu Fransisko wa Assisi aliweza kuacha mali yote, kuvua hata nguo akamrudishia baba yake. Wanawake wengi hawakuwa na mamlaka juu ya mali. Walichotawala ni chungu na mkate. Basi wakajinyima hicho, wakawagawia maskini. Elizabeti wa Hungaria, akiwa meza moja na mumewe mtawala, alikataa vyakula vilivyopatikana kwa kuwadhulumu watu. Pale mezani nilimwona bibi yangu. Na Ekaristi yenyewe ni chakula: Kristo analisha kwa mwili wake kama mama anavyonyonyesha. Sishangai kwamba aliyeipigania sikukuu ya Ekaristi, iliyotangazwa kwa Kanisa lote mwaka 1264, alikuwa mtawa wa kike, Yuliana wa Liège.

Kitabu cha Bynum cha 1982, kuhusu Yesu kama mama, nakipenda kwa uaminifu wake. Humo tunamkuta Anselmi, mtawa aliyekuja kuwa askofu mkuu, akimwomba Yesu kama mama, kuku anayekusanya vifaranga vyake chini ya mbawa. Bernardo naye, abate yaani mkuu wa monasteri, anawaambia maabate wenzake wawe kina mama kwa watawa wao, wawape maziwa. Nilitaka sana kusikia kwamba basi wanawake waliheshimiwa. Bynum anakataa: watawa hao walisifu umama huku wakiwakwepa wanawake wenyewe. Angeweza kulinyamazia hilo, na wasomaji kama mimi tungefurahi.