Binti Amekuwa wa Pili Mara Tatu, Afanye Nini?

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mama mmoja wa Tanga. Binti yake ana miaka 13, anaogelea mtindo wa mgongo, na alikuwa amemaliza wa pili kwa mara ya tatu mfululizo, nyuma ya msichana yule yule. "Kocha, miwani yake ameitupa juu ya kabati, anasema harudi tena majini. Nimwache au nimlazimishe?"

Niliusoma nikiwa kwenye daladala. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu, nikatembea, kwa sababu machozi yalinijia na sikutaka watu wanitazame. Uzito wa nafasi ya pili naujua. Nimeubeba tangu mwaka 2009.

Nianze na mwaka uliotangulia. Agosti 2008 nilikuwa na miaka 15, na kila alfajiri nilikuwa nimekaa chini mbele ya televisheni, sauti nimeipunguza. Fainali za kuogelea za Olimpiki ya Beijing zilichezwa asubuhi ya kule, kwa hiyo kwetu kulikuwa hakujapambazuka. Baba alikuwa akiamka kwa swala ananikuta sebuleni nimejifunika khanga ya mama. Mwanzoni alinifokea. Siku ya tatu alikuja akakaa pembeni yangu.

Tulikuwa tunamtazama Kirsty Coventry wa Zimbabwe. Alizaliwa Harare mwaka 1983, akaenda Olimpiki ya kwanza Sydney 2000 akiwa bado msichana wa shule, kisha akaenda Marekani kusoma na kuogelea Chuo Kikuu cha Auburn. Athens 2004 alirudi na medali tatu, dhahabu ikiwa ya mita 200 mgongo. Kwa hiyo Beijing alifika akiwa bingwa, na Afrika nzima ya waogeleaji, yaani sisi wachache, ilikuwa nyuma yake.

Angalieni sasa yaliyompata. Tarehe 10 Agosti, mita 400 za mitindo minne (mtu mmoja anaogelea mitindo yote minne kwenye mbio moja), yeye na Stephanie Rice wa Australia walishuka wote chini ya dakika 4 na sekunde 30, jambo ambalo mwanamke hakuwahi kulifanya. Rice akagusa ukuta kwanza. Kirsty wa pili. Kesho yake, nusu fainali ya mita 100 mgongo, akavunja rekodi ya dunia: sekunde 58.77. Baba alipiga makofi hadi mama akaamka. Siku iliyofuata, kwenye fainali ya mbio hizo hizo, Natalie Coughlin wa Marekani akapita kwa 58.96. Kirsty wa pili, na muda wake wa jana yake ungetosha kabisa kumpa dhahabu. Tarehe 13, mita 200 za mitindo minne: Rice tena, Kirsty wa pili tena, tofauti sekunde 0.14. Hata kope hujaifumba vizuri.

Fedha tatu ndani ya siku nne. Mwenye rekodi ya dunia. Fikiria ule usiku wa baada ya fedha ya tatu.

Tarehe 16 akapanda tena kwa ajili ya mita 200 mgongo. Dakika 2, sekunde 5.24. Dhahabu na rekodi ya dunia, na aliyemfuata alikuwa nyuma karibu sekunde nzima. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Niliandika namba ile kwa kalamu ya rangi nyuma ya mlango wa chumba changu, na niliamini nimeshaelewa kila kitu kuhusu kushindwa na kusimama tena.

Sikuwa nimeelewa. Kumtazama mtu akimeza uchungu si sawa na kuumeza wewe mwenyewe.

Mwaka uliofuata nikaingia fainali ya mita 100 mgongo, mashindano ambayo tuliambiwa wawili wa kwanza watachukuliwa kwenye timu ya kusafiri. Nilikuwa nimejiandaa miezi tisa. Saa 11 na nusu niko bwawani kabla ya shule, nywele hazikauki, daftari zinanuka klorini. Miezi hiyo siwezi kuisimulia, ilikuwa ni maji tu.

Anayeogelea mgongo hauoni ukuta. Ndiyo maana hutundikwa kamba yenye bendera ndogo ndogo juu ya maji, mita 5 kabla ya kila ukuta. Ukiziona zinapita juu ya uso wako, unaanza kuhesabu mikono, yaani mara unazovuta maji kwa mkono. Mimi nilikuwa na mikono minne hadi ukutani, sikuhitaji kufikiri. Siku ile bwawa tulilopewa halikuwa na bendera. Kocha wangu aliuliza, akajibiwa kwamba ni mashindano ya siku moja tu, watoto wazoee.

Nilikuwa mbele. Mita 15 za mwisho nilijua niko mbele, kwa sababu maji upande wa kulia yalikuwa yametulia. Halafu nikatazama juu, na juu kulikuwa na anga tupu. Nikaogopa kugonga kichwa. Nikageuza shingo kuutafuta ukuta, mara moja tu, na mwili ukazama kiunoni. Mwenzangu hakugeuza kichwa. Aligusa kwa tofauti ya sekunde 0.09.

Wa pili, lakini nilikuwa natabasamu, kwa sababu wawili wangesafiri. Jioni orodha ikabandikwa na jina langu halikuwemo. Kiongozi mmoja akatuambia nafasi zimepungua, kwa hiyo amechukuliwa wa kwanza tu. Hakunitazama machoni. Mpaka leo nikikutana naye namwamkia, kwa sababu nimelelewa, lakini moyo wangu haujamaliza.

Nikaacha kuogelea miaka mitatu. Kila aliyeniuliza nilimwambia bendera hazikuwepo. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio ulionikalisha nje ya maji. Nilikuwa na sababu nzuri mno ya kutorudi.

Mama wa Tanga, na wazazi wote mnaosoma hapa mkitaka watoto wenu wafike mbali, nawaambieni hivi. Mwacheni mtoto alie. Jioni moja alie kabisa, asiambiwe "si mbaya, wa pili ni wa pili". Kwa aliyeamka alfajiri miezi tisa, ni mbaya. Lakini asilie wiki. Kirsty hakuwa na wiki, ratiba haikumpa. Mimi nilipewa muda wote niliotaka, nao ndio ulioniharibu. Mrudisheni majini haraka, hata kwa kucheza, hata kwa nusu saa.

Halafu msimzungumzie yule msichana mwingine. Msiulize anafundishwa na nani, anakula nini, miwani yake ni ya bei gani. Mwogeleaji wa mgongo anatazama juu na kuhesabu mikono yake. Akianza kumtafuta wa njia ya pembeni, ameshapunguza mwendo.

Na mwambieni kwamba safari ni ndefu. Baada ya Beijing, Kirsty aliogelea Olimpiki mbili zaidi, London na Rio, bila medali hata moja, na mita 200 mgongo alimaliza wa sita kote kuwili. Hakujificha. Zimbabwe kwa historia yake yote ina medali 8 za Olimpiki: moja ya wanawake wa hoki Moscow 1980, saba zilizobaki ni zake, na nne kati ya hizo saba ni fedha. Mwaka 2018 akawa waziri wa michezo wa nchi yake. Machi 20, 2025, kati ya wagombea saba, akachaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kwa kura 49 duru ya kwanza, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Siku hiyo nilimpigia baba. Hakusema mengi, aliniuliza tu kama ule mlango bado una namba. Upo, tumeupaka rangi upya kila mahali isipokuwa pale.

Nilirudi majini mwaka 2012, si kwa mashindano. Nilianza kwa kumfundisha mtoto wa dada yangu kuelea chali, kisha wakaja wenzake. Leo nina watoto 22. Kila nikifika kwenye bwawa jipya, kabla ya kuvua viatu, natundika bendera zangu. Nazibeba kwenye mkoba: kamba ya manila, na vipande vya khanga kuukuu nilivyokata pembetatu.

Dada yangu wa Tanga, bwawa la binti yako nalo halina, nilikuuliza jana ukaniambia. Pima kwa mkanda wa kupimia, mita 5 kutoka ukutani, kila upande. Funga kamba juu kiasi cha mtu mzima kunyoosha mkono akiwa amesimama ukingoni. Khanga yenye rangi kali ndiyo nzuri, nyekundu au njano, inaonekana hata jua likiwa machoni. Jumamosi mshushie miwani yake kutoka kabatini, umwambie aogelee taratibu, asishindane na mtu, ahesabu tu mikono kutoka kwenye bendera hadi ukutani. Kisha niandikie ni mikono mingapi.