Mtandao Ukikata, Programu Yako Inafanya Nini?

Juzi dogo mmoja wa Tabora kaniandikia, "Kaka shikamoo, nijifunze lugha gani ya programu na mimi nitoke kama wewe?" Namjibu hapa hapa maana mnaniuliza wengi, na najua wote tunataka kitu kilekile, tutengeneze vitu watu wavitumie na wavilipie.

Lugha achana nayo kwanza. Soma intaneti ilivyojengwa.

Mimi kilichonitoa ni programu ya kurekodi manunuzi ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Wiki iliyopita wanunuzi wameikubali rasmi, madaftari wameweka pembeni, na siwezi kuficha furaha yangu, kwa sababu kuna kampuni moja kutoka Dar iliwahi kuwaletea ya kwao, nzuri kwa macho, ila mtandao ukisumbua kidogo tu inazunguka weee mpaka muuzaji anakasirika anaondoka na mzigo wake. Kwenye kikao nilieleza shida iko wapi nikaambiwa niwaachie wataalamu. Mbele za watu. Mpaka leo inaniuma.

Ya kwangu kila gunia linaandikwa kwanza ndani ya simu na linapewa namba. Mtandao ukipatikana simu inatuma, seva (kompyuta kuu inayotunza rekodi) inajibu kwamba namba hiyo imeipata, jibu lisipofika simu inatuma tena, na seva ikikuta namba ilishaipokea hairekodi upya. Kwa hiyo gunia halipotei wala halilipwi mara mbili.

Akili hiyo nimeitoa kwenye TCP, kanuni ambazo kompyuta hufuata kutumiana data kwenye intaneti. Kwenye ARPANET ya Marekani, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, ile iliyoanza 1969, mitambo ya mtandao wenyewe ndo ilibeba jukumu la kufikisha ujumbe salama. Sasa Bob Kahn alikuwa anashughulika na pakiti za redio, yaani vipande vidogo vya data vinavyorushwa kwa redio, na redio inakatika, huwezi kuitegemea hivyo. Yeye na Vint Cerf, wakichota pia kwenye kazi ya Mfaransa Louis Pouzin, wakachapisha mpango wao 1974: katikati mtandao ujitahidi tu bila kuahidi kitu, kuhesabu na kutuma tena kufanywe na kompyuta za pande mbili zinazoongea. Tarehe 22 Novemba 1977 wakajaribu kwa gari lenye redio huko California, pakiti zikapita redio, ARPANET na setelaiti mpaka Ulaya zikarudi tena California. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia TCP/IP, yaani TCP na mwenzake IP anayeelekeza pakiti ziende wapi.

Yaani wenzetu walijenga wakijua mtandao utasumbua! Wewe uko Kigoma au Tabora unajengaje kana kwamba hausumbui?

Na kwa sababu katikati hapaulizi umebeba nini, Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti (web) 1989 pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, hakuhitaji kibali cha wenye nyaya. Kwa hiyo acheni kusubiri mtu wa Dar awaambie mnafaa, vijana, mmekaa na simu mkononi mnasubiri nini? Jengeni. Someni misingi, msikimbilie mapambo.

Dogo, tafuta RFC 793 ya 1981, waraka unaoeleza TCP, ni bure, soma sehemu ya namba za mfuatano na majibu ya kupokea. Halafu fungua programu yako, zima data katikati ya kutuma, washa tena, uangalie seva imeandika nini. Ikiandika mara mbili nitumie code ya programu yako tuiangalie pamoja.