Uliza Fundi: Corolla haivuti kupanda Mazeras

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A, otomatiki. Asubuhi natoka nayo Kisauni iko sawa kabisa lakini nikishapita Miritini naanza kupanda Mazeras yaanza kuwa nzito, nakanyaga mafuta mpaka chini na haichomoki, hata lori zilizobeba kontena zanipita. Haimisi, haitoi moshi, ila mafuta yaliwa sana siku hizi. Nishabadilisha plagi, nikabadilisha pampu ya mafuta, na sasa fundi wangu asema giaboksi imekufa nitafute ingine. Hela zenyewe ndo hizo zimeisha. Nifanyeje? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu. Hio giaboksi usiinunue kwanza, manake hapo ulipofika umenunua spea mbili na hakuna mtu aliyepima kitu, na ya tatu ndo ghali zaidi.

Kitu cha kwanza nataka usikize injini ukiwa pale kwenye mlima. Ukikanyaga na sauti ya injini yapanda juu, yalia, lakini gari yenyewe haiongezi mwendo, basi nguvu ipo ila yapotea njiani kabla ya kufika kwenye tairi, hapo ndo giaboksi inaslipi na fundi wako ana haki. Lakini ukikanyaga na injini yenyewe yabaki pale pale inaguna, haipandi, basi giaboksi haina kosa, injini ndo imekosa nguvu. Kwa vile umeniambia ni nzito na hukutaja kelele, mimi naegemea huko kwa pili. Bado angalia mafuta ya giaboksi manake ni bure, gari ikiwa imepata moto, injini yaunguruma, umepitisha gia zote ukarudi P, chomoa stiki uangalie. Yawe mekundu na kipimo kiwe sehemu ya moto. Yakiwa ya kahawia na yanuka kuungua hapo tutaongea mengine.

Alafu kabla hujafungua chochote, zima injini, muite mtoto akae kwenye kiti akanyage akselereta mpaka mwisho, wewe uwe mbele bonati iko wazi, uone kama ile waya yafungua trotu (ule mlango wa hewa wa injini) yote. Usicheke. Hapa kwetu watu wanatandika kapeti juu ya kapeti sababu ya mchanga, na kapeti ikijikunja chini ya pedali mguu unafika chini lakini trotu imefunguka nusu. Na breki pia, chumvi ya bahari inakula pini za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi za breki) mpaka breki inashika yenyewe hata hujaikanyaga. Endesha kidogo, acha gari isimame polepole bila kutumia breki sana, alafu sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Kama kuna moja inakupiga joto na zingine hazina kitu, hio yashika, na gari inayoburuta breki itakula mafuta na itakuwa nzito mlimani vile vile unavyosema.

Haya, tuseme hayo yote yako sawa. Sasa injini ya petroli yataka mafuta, hewa na moto, na yataka moshi utoke. Hilo la mwisho ndo watu wanalisahau.

Mafuta yakiwa kidogo dalili yake ni gari kushtuka, yaani yavuta yaacha yavuta yaacha, na ukiachia mguu kidogo inapata nafuu. Pampu umeweka mpya sawa, lakini je, ile filta iliyoko kwenye injini ilibadilishwa? Na kile kichujio cha chini ndani ya tangi kilioshwa? Muulize. Pampu mpya kwenye kichujio kilichoziba ni hela umemwaga. Mwenye geji ya presha apime, kwa 5A ukichomoa kahosi ka vakyum (uvutaji wa hewa wa injini) kwenye regyuleta, kile kidhibiti cha presha ya mafuta, yafaa isome kama psi 38 hadi 44, na ibaki hapo hata ukipiga resi. Ikishuka ndo uanze kulaumu upande wa mafuta.

Lakini wewe umesema haimisi, ni nzito tu, shida yaja ukishatembea nayo, na mafuta yaliwa. Mimi hapo nashuku katalitiki iliyoko kwenye ekzosi, kile kisafisha moshi, imeziba. Ndani yake kuna kitu cha udongo wa kuchomwa chenye vitundu vidogo vidogo, na kikiyeyuka au kikivunjika vile vipande vinaziba njia. Injini haiwezi kutoa moshi, kwa hivyo haiwezi kuingiza hewa mpya, ni sawa na kumwambia mtu apande ngazi mbio na umemfunga kitambaa mdomoni. Ukiendesha taratibu mjini huoni kitu sababu moshi ni kidogo, ukiitaka nguvu ndo yakwama.

Kuijua ni rahisi. Gari ikiwa imepoa (nasema imepoa, ile paipu yachoma mpaka ngozi yabaki hapo) fungua sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi mbele ya katalitiki, waya wake uufunge mbali na joto, uache kile kitundu wazi. Washa, piga resi, kisha mpe fundi aizungushe karibu na gereji tu. Itapiga kelele mbaya na majirani watalalamika, lakini kama nguvu imerudi jibu umelipata. Usiende nayo Mazeras hivyo, moshi wa moto unatoka pale karibu na waya na hosi. Fundi mwenye geji ya vakyum hana haja ya makelele yote hayo, ataifunga kwenye manifoldi (paipu zinazoingiza hewa kwenye injini), injini nzima ikiwa aidol, yaani yaunguruma bila kukanyagwa, inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, ashikilie resi kama mizunguko 2500 kwa dakika, na kama sindano yateremka polepole badala ya kutulia basi ekzosi imeziba.

Ikiwa ni hio, watakuambia uikate uweke paipu tupu, na kuna watu wanazunguka kwenye gereji wananunua zile za zamani sababu ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hivyo usimwachie fundi bure. Mimi ningetafuta nzima iliyotumika kuliko kuweka paipu tupu, lakini hela ni zako. Ila kabla ya hapo uliza iliharibiwa na nini. Mara nyingi gari ilikuwa yamisi kitambo, petroli isiyoungua ikaenda kuungulia huko kwenye ekzosi, joto likapanda, ikayeyuka. Hizo plagi ulizotoa zilikuwaje? Fungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi, uangalie zile ncha ndani na rota, hapa Mombasa utakuta unga mweupe au kijani, ni unyevu na chumvi. Na waya za plagi uziangalie usiku giza totoro injini yaunguruma, ukiona vicheche vya bluu vyaruka ndo hizo zimekwisha.

Jambo lingine kwenye 5A, kuna sensa ya vakyum ina kahosi kembamba ka mpira kinachotoka kwenye manifoldi. Kakipasuka au kakichomoka, kompyuta haijui injini yabeba mzigo gani na gari inakuwa mgonjwa. Kahosi kenyewe ni bei ya chai na mandazi. Na kama gari yako ina kile kiboksi cheusi kwenye injini kimeandikwa DIAGNOSIS, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa sawa sawa bila kusimama haina kosa iliyoweka. Ikitoa 31 (yapepesa mara tatu, yatulia kidogo, kisha mara moja) ni hio sensa ya vakyum, 41 ni ya trotu, 22 ni ya joto la maji. Hio ya maji ikidanganya kwamba injini ni baridi, mafuta yanamwagwa tu.

SWALI: Fundi, Probox yangu ya kubebea mzigo, nikikanyaga ghafla inasita kwanza ndo iende. Taa ya injini imewaka, mashine imesoma P0171. Nimeambiwa ninunue nozo nne. – Mama wa biashara, Likoni

JIBU: Dada yangu, nozo (zile zinazonyunyiza mafuta kwenye injini) zisubiri. P0171 yasema hewa ni nyingi kuliko mafuta, haisemi ni nozo. Anza na ile hosi kubwa ya mpira kati ya eya klina na trotu, ikunje kwa mkono uone mipasuko kwenye mikunjo yake. Angalia kama klipu za boksi ya eya klina zimefungwa zote, wengi wanaosha filta wanaacha moja wazi. Kisha sensa ya hewa isafishwe kwa ile spreyi yake maalum, usikubali mtu aguse ule waya kwa kitambaa wala brashi. Kama bado, ndo mpime presha ya mafuta, kwenye injini ya 1NZ ni psi 44 hadi 50, na filta yake iko ndani ya tangi pamoja na pampu kwa hivyo ni kushusha huko.

SWALI: Nikiweka ile petroli ya bei ya juu gari kuukuu itarudisha nguvu? – Msomaji, Magongo

JIBU: Hapana. Okteni ya juu, ndo hio ya bei ya juu, yazuia injini kugonga (petroli kuungua kabla ya wakati wake), haina nguvu zaidi ndani yake, na injini ya kawaida isiyogonga haitafaidika nayo. Cha kuangalia ni pale unapojaza. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 sababu watu walikuwa wanayachanganya na petroli na dizeli, kwa hivyo kama gari imeanza kuwa nzito na kugonga mara tu baada ya kujaza mahali fulani, badilisha kituo kwanza, fundi baadaye.