Hitilafu ya kebo ya ardhini: tembea kwanza, chimba baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, naanza na shimo nililochimba bure. Kebo ilikuwa ya kilovolti 11. Mashine ya mapigo, ile inayotuma pigo la umeme ndani ya kebo, ikasema hitilafu iko mita 312. Tukavuta tepu toka kituoni, tukachimba mpaka jua likazama. Kebo tukaikuta nzima, inang'aa.

Mashine haijui barabara. Inapima muda wa pigo kwenda na kurudi ndani ya kebo, basi. Kwenye kebo ya XLPE, yaani yenye insulesheni ya plastiki, pigo hukimbia kama mita 160 hadi 170 kwa mikrosekunde. Kwenye kebo kongwe za karatasi na mafuta mwendo ni tofauti, na usipoubadilisha kwenye mashine, umbali wote unapotea. Tena kebo hailali kama rula. Yetu ilikuwa na kitanzi cha akiba kilichofukiwa karibu na kituo, hakuna aliyekichora kwenye ramani. Hitilafu ilikuwa mita tisa nyuma yetu, kwenye jointi iliyoingia maji.

Siku hizi natembea njia nzima kabla sijafungua mashine. Natafuta udongo mbichi, bomba jipya, nguzo ya uzio. Namuuliza mama wa genge nani alichimba hapa juzi. Mara nyingi anajua.

Kisha napima kwa mega, kile kipima insulesheni: kila fezi (waya wa umeme) kwa ethi (ardhi), halafu fezi kwa fezi. Shoti kamili au waya uliokatika, pigo litauona. Lakini hitilafu yenye ukinzani mkubwa pigo la kawaida huipita tu. Hapo ndipo unaipiga kebo kwa volti kubwa ili hitilafu ilipuke, huku mwenzako akisikiliza ardhini kwa maikrofoni. Pigo la sumaku hufika kwanza, sauti baadaye. Pale muda kati yao unapokuwa mdogo kuliko kote, chimba hapo. Ila msipige saa nzima, mnaichosha XLPE iliyozeeka.

Na hili nawasihi kwa moyo wote: kebo ndefu hubaki na chaji hata mashine ikizimwa. Itoeni kwa fimbo ya ethi, kisha muiache ethi imefungwa, kwa sababu ukiiondoa mapema chaji hujirudia yenyewe. Ncha ya pili nayo iwe na mtu mwenye simu, anayezuia watu wasisogee, maana ukipiga huku, kule nako kuna kilovolti zilezile.