Barua kwa Mwanangu: Vifaranga wa Wiki ya Tatu

Buswelu, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, na baba yako anakusalimu. Umeniandikia kwamba vifaranga wako wa chotara huko Sengerema wameingia wiki ya tatu, manyoya yao yamekaa vibaya, wanajilaza ghafla chini kama waliokufa, baadhi wanatoa kinyesi cha kahawia kinachonata na kunuka sana, na wawili wanajikunyata pembeni. Jirani amekushauri uchanganye oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria, kwenye maji ya kundi zima. Naomba uiache kwanza dawa hiyo, kwa sababu katika hayo yote uliyonieleza, ni wale wawili tu wanaonitia wasiwasi.

Manyoya yasikusumbue. Kifaranga huanguliwa na vinyoya laini tu, kisha manyoya ya kweli huanzia kwenye mabawa, yakafuata mkia, mgongo na kifua, na kichwa huwa cha mwisho, kwa hiyo kati ya wiki ya pili na ya tano hakuna kifaranga mzuri wa kutazama. Vumbi jeupe unaloliona juu ya vyombo hutoka kwenye vifuko vya manyoya yanayochipua. Ukiona ngozi wazi yenye damu karibu na mkia, hapo wanadonoana, na mara nyingi chanzo ni msongamano, mwanga mkali au chakula chenye protini kidogo.

Kuhusu kulala, gonga chombo cha chakula uone. Kifaranga mzima aliyejinyoosha na mabawa yake ataruka mara moja akimbilie chakula, lakini mgonjwa kwa kawaida halali hivyo: husimama akiwa amezamisha shingo, macho yamefumba nusu na mabawa yameshuka, na wenzake wakimkanyaga hajali.

Kabla hujamhukumu yeyote, pima joto. Wiki ya kwanza bruda, yaani sehemu ya kuwalelea vifaranga kwa joto, huhitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki, hivyo wako sasa wanatosheka na 26 hadi 29. Chini ya bati, mchana wa huku kwetu unaweza kuzidi hapo bila jiko lolote, na vifaranga wakatawanyika mbali wakihema midomo wazi, jambo ambalo si ugonjwa bali ni joto. Usiku upepo wa ziwa ukiingia watarundikana. Anayehema kwa mkoromo alfajiri, wakati kumepoa, huyo ndiye wa kuogopwa.

Sasa tuje kwenye kinyesi, ambacho ningependa ukichunguze kuliko kitu kingine chochote. Kinyesi cha kawaida ni kigumu kiasi, cha kahawia au kijani kilichofifia, na juu yake kuna weupe, kwa kuwa kuku hana mkojo wa kupita peke yake. Mara chache kwa siku, kuku mzima hutoa pia kinyesi laini, cheusi kwa kahawia, kinachonata na kunuka vibaya, ambacho hutoka kwenye vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo. Nadhani hicho ndicho kilichokutisha, na ni cha afya kabisa. Kinachopaswa kukuamsha ni damu, iwe nyekundu au ya rangi ya kutu. Huo ni ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na vijidudu vya koksidia, na umri huu wa wiki ya tatu hadi ya sita ndio unaoupenda, hasa matandiko yakilowana kuzunguka chombo cha maji. Dawa yake ya kawaida ni amproliamu, inayochanganywa kwenye maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ile ya jirani si dawa ya ugonjwa huu. Ukitoa dawa bila kuondoa maranda yaliyolowa, umefanya kazi ya kuchota maji kwa tenga.

Kuhara kinyesi cheupe cha majimaji, pamoja na kutetemeka na kujidonoa sehemu ya haja, kunaashiria Gumboro, ambayo pia hupenda umri huu. Kuhara kijani, shingo kupinda na vifo vingi katika siku chache ni dalili za kideri. Yote mawili ni ya virusi na hayana tiba, kwa hiyo muulize aliyekuuzia ni chanjo zipi walizopata na lini. Chanjo ya kideri aina ya I-2, inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, ni ya tone moja jichoni na hurudiwa kila miezi mitatu, lakini usimchanje aliyekwisha kuugua.

Wale wawili watenge leo kwenye boksi lenye joto na maji, ukiwa umetandika karatasi ili uone kinyesi chao cha usiku. Jioni wapapase gole, yaani kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua: likiwa limejaa na laini, wanakula, likiwa tupu wakati wenzao wameshiba, wanaumwa. Asubuhi gole tupu ni la kawaida. Ukikuta damu kwenye karatasi, watibu wote, maana matandiko ni mamoja. Kama chakula unachanganya mwenyewe, nusa pia dagaa na pumba, kwa kuwa dagaa waliochacha na pumba yenye ukungu hudumaza vifaranga hadi ukadhani ni maradhi.

Akifa mmoja, usimtupe ziwani wala usimpe mbwa. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, umweke kwenye chombo chenye barafu bila kumgandisha, umlete siku hiyo hiyo kwenye maabara ya mifugo hapa Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kisingizio cha kusubiri kivuko. Picha ya hiyo karatasi nitumie kwa simu kesho asubuhi, kabla hujaenda duka la dawa.

Mama yako