Kinga moto kwenye mikorosho

Dada, umeuliza shamba la mikorosho la mama huko Nachingwea mtalikingaje na moto wa pori kiangazi hiki. Msisubiri mpaka muone moshi aisee, limeni kinga moto kuzunguka shamba lote, upana hatua 6 au zaidi, mkwangue mpaka ubaki udongo mtupu, maana yale majani makavu ya mkorosho yanashika kama karatasi, mwaka juzi mimi niliacha kipande kidogo tu upande wa bondeni na moto ukapita hapohapo, mikorosho 11 ikaungua na korosho ndo zilikuwa zimeanza kudondoka, iliniuma sana. Salfa iliyobaki, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, msiiweke karibu na jiko, ile inashika moto. Jirani akitaka kuchoma shamba lake mwambieni achome asubuhi mapema upepo umetulia, sio saa nane mchana Oktoba hii, na awaite muwepo na matawi mabichi na ndoo za maji. Moto ukiwazidi watoto na wazee watoke kwanza, halafu pigeni 114 zimamoto. Na mama asipalilie jua la saa sita, maji anywe hata kama hasikii kiu.