Msimulizi wa dokumentari ashike wakati gani: -na-, -li-, -ka- au hu-?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu hapa Bagamoyo tunatengeneza dokumentari kuhusu mafundi wa mashua na historia ya mji wetu. Tumekwama kwenye maelezo ya msimulizi. Mwenzangu anashikilia kwamba kila sentensi iwe na -na-, kwa kuwa mtazamaji analiona jambo likitendeka. Ameandika hivi: "Fundi anakaa chini, anavaa kofia, anachonga ubao. Mwaka 1891 Wajerumani wanahamishia makao makuu Dar es Salaam." Mimi naona Kiswahili hicho kimepinda, ila sijui niseme kimepinda wapi. Na jambo jingine: fundi akitaja maneno ya kazi ambayo vijana hawayajui, tuyabadilishe kwenye maandishi ya chini ya picha?

JIBU: Marahaba. Kimepinda mahali pawili, na sababu zake ni mbalimbali.

Tuanze na kofia. Kamera inapofunguka, fundi yuko chini tayari na kofia iko kichwani. Kwa Kiswahili mtu huyo amekaa, amevaa kofia, ameshika tezo, kile kifaa cha kuchongea mbao. Mkisema "anavaa kofia", mtazamaji atautafuta mkono unaopeleka kofia kichwani, na hatauona. Vitenzi vya mkao, mavazi na kushika hutaka -me- pale hali inapokuwa imeshatulia: amesimama, ameinama, amebeba, amenyamaza. Hata chombo chenyewe kikiwa kimepwelewa mchangani, mashua imelala ubavu. Ukisema "inalala" utadhani ndiyo kwanza inaanguka. Katika sentensi ile ya mwenzako, kuchonga peke yake ndiko kunakostahili -na-, maana hicho ni kitendo kinachoendelea mbele ya macho. Kwa hiyo picha moja inabeba nyakati mbili, na msimulizi asiyezitenga atasikika kama mtu anayesoma tafsiri.

Hapa naomba niseme wazi: sentensi nyingi za -na- katika maelezo ya filamu zingefutwa tu. Ikiwa mtazamaji anamwona fundi akichonga, kumwambia "fundi anachonga" hakumwongezei kitu.

Mahali pa pili ni ule mwaka 1891. Makao makuu ya utawala wa Wajerumani yaliondoka Bagamoyo mwaka huo, na jambo lililokwisha Kiswahili hulifungua kwa -li-, kisha hulisukuma mbele kwa -ka-. Tazama mfano kutoka hapo hapo mjini kwenu: "Mmisionari Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba hadi pwani, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874." -Li- imetia nanga mara moja, na baada yake kila -ka- ni hatua moja ya safari. Weka -na- katika sentensi zile zile uone safari inavyogeuka kuwa orodha ya matukio yasiyoshikana. Ukitaka kusimamisha msafara ili ueleze jambo la pembeni, unarudi kwenye -li-: "Misheni walikoufikisha ilikuwa imeanzishwa mwaka 1868." Ukitaka kukanusha unarudi huko huko: "hawakuuacha njiani". Ukishamaliza la pembeni, -ka- inapokea tena.

Lakini ninyi wawili hamtapatana mpaka muamue dokumentari yenu ni ya mtindo gani. Mtaalamu wa filamu wa Marekani, Bill Nichols, alitaja mitindo minne mwaka 1991, na miaka kumi baadaye akaifikisha sita. Mitatu ndiyo inayowagusa.

Upo mtindo wa kufuatilia bila kusema. Huu ulishika kasi kuanzia mwaka 1960 hivi, zilipopatikana kamera nyepesi na vinasa sauti vya kubeba begani vilivyokwenda sambamba na picha. Hapo msimulizi hayupo, na ugomvi wenu wa nyakati haupo.

Upo mtindo wa maelezo, wenye sauti inayotanda juu ya picha. Nadhani ndio mlioanza nao, na wenye kazi kubwa zaidi hapo ni hu-. Kamera inamwonyesha fundi huyu na ubao huu, asubuhi hii. Haiwezi kusema kwamba ndivyo ifanywavyo siku zote. Anayeweza ni msimulizi: "Pamba husokotwa, hutiwa mafuta, ndipo hupigiliwa kwa patasi kati ya mbao na mbao ili maji yasipenye." Wakati huo picha inaonyesha kidole cha fundi kikipapasa kiungio, nyundo ikigonga polepole, uzi wa pamba ukizama. Maneno yanataja desturi, picha inamtaja mtu, na hakuna anayemrudia mwenzake. Mimi ningewashauri muandike upya sehemu yote ya ufundi kwa hu-, halafu msikilize tofauti.

Upo pia mtindo wa kushirikiana na mhusika, na huu naupenda kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mfaransa Jean Rouch alipiga filamu mjini Abidjan, Ivory Coast, na vijana waliotoka Niger kutafuta kazi. Kamera yake haikunasa sauti wakati wa kupiga. Basi akawaonyesha picha zao wenyewe, na mmoja wao, Oumarou Ganda, akazisimulia kwa maneno yake. Ganda baadaye naye akawa mwongozaji wa filamu.

Jaribuni hivyo hivyo na fundi wenu. Mwekeeni picha zake, mwacheni aseme, mnase. Akieleza kazi, utasikia hu- zake. Akikumbuka ujana wake, atafungua kwa -li- na kutembea na -ka-. Na habari ikimpanda atarukia -na- bila kuombwa: "Basi siku hiyo nafika pwani asubuhi, naikuta mashua imeshachukuliwa na maji!" Mwambie mwenzako hapo ana haki yake. Masimulizi ya Kiswahili yanaijua -na- ya namna hiyo, ila huiweka kwenye kilele, pale msimulizi anapotaka msikilizaji asimame naye papo hapo. Ikitumika tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, kilele kinakosa pa kusimama.

Kuhusu maneno ya kazi, msiyaguse. Fundi akisema "natia kalafati", maandishi ya chini yaseme kalafati, si "naziba nafasi". Akitaja mkuku (uti wa chini wa chombo), taruma (mbavu zake) au foromali (mti unaoshika tanga), andikeni kama alivyotamka. Kijana asiyejua atajifunza kwa kutazama mkono ulipo, mradi tu mhariri asikate picha kabla mkono haujafika. Kama neno limesemwa na kitu chenyewe hakionekani, rudini na kamera mkakipige hicho kitu, badala ya kumbadilishia mzee kauli yake.